Tuwaachie Watoto Nafasi ya Kubuni

Katika skuli moja ya maandalizi ya hapa Unguja, ambayo hatutaitaja kwa jina kwa kuwa hatukusudii kumfedhehesha mtu, watoto wa umri wa miaka mitano waligawiwa karatasi zenye picha ya chungwa, wakaambiwa walipake rangi. Mmoja wao akalipaka kijani. Mwalimu akaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, akamwonyesha mtoto yule chungwa la kitabuni, akamwamuru arudie. Mtoto akarudia kama alivyoonyeshwa, na safari hii akapata alama ya sahihi.

Sisi tunauliza: ni nani aliyekosea? Kila anayeishi katika visiwa hivi anajua kwamba chungwa letu huiva na ganda lake likabaki kijani. Hivyo ndivyo lilivyo mtini, hivyo ndivyo linavyopangwa mafungu sokoni Darajani na Chake Chake, na hivyo ndivyo mtoto yule alivyoliona shambani kwa bibi yake. Chungwa la kitabuni ni la nchi ambazo baridi ya usiku huliondolea ganda ukijani wake. Mtoto aliangalia kwa macho yake, akakumbuka, akaonyesha alichokiona. Malipo yake yakawa alama ya kosa. Somo alilorudi nalo nyumbani siku ile ni kwamba macho yake si ya kuaminiwa, na kwamba jibu la sawa ni lile alilo nalo mkubwa.

Tumeanza na jambo hili dogo kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa. Nchi yetu imetumia nguvu nyingi katika kumfikisha mtoto darasani. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na milango iliyokuwa imefungwa mbele ya watoto wa wakulima na wavuvi ikafunguka. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikaenda mbele zaidi, ikaifanya elimu ya maandalizi ya miaka miwili, kwa watoto wa miaka minne na mitano, kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Katika miaka ya karibuni zimejengwa skuli za ghorofa Unguja na Pemba ili kupunguza msongamano na kuondoa mikondo miwili ya masomo kwa siku. Haya ni mafanikio, na hapana mwenye haki ya kuyabeza.

Lakini kumfikisha mtoto darasani ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujua anafanywa nini akishaingia. Hapo ndipo penye wasiwasi wetu.

Mwananchi yeyote akipita nje ya madarasa mengi ya maandalizi atasikia sauti moja: mwalimu anatamka, watoto arobaini wanaitikia. Akichungulia ndani ataona watoto wamekaa safu kwa safu, mikono imekunjwa, wakinakili herufi kutoka ubaoni. Ziko skuli zinazowapa watoto wa miaka minne mitihani ya maandishi na kuwapanga kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho, kana kwamba ni farasi wa mashindano. Ziko zinazomhoji mtoto kwa karatasi na kalamu kabla ya kumkubali. Jioni wapo wazee wanaowapeleka watoto hao hao tuisheni. Mtoto wa umri huo akitoka skuli, akaenda chuoni, akatoka chuoni akaenda tuisheni, atacheza saa ngapi? Na asipocheza, atajaribu lini jambo lolote kwa akili yake mwenyewe?

Wapo wanaodhani kwamba ubunifu ni kipaji cha watu wachache, washairi na wachoraji, na kwamba mtoto wa mvuvi au wa karani hana haja nacho. Dhana hiyo ni potofu. Kubuni ni kuuliza kwa nini, ni kujaribu, ni kushindwa na kujaribu kwa njia nyingine, ni kuunganisha vitu viwili ambavyo havijapata kuunganishwa. Daktari anahitaji hayo mbele ya mgonjwa ambaye dalili zake hazimo kitabuni. Fundi anayahitaji pale kipuri kinapokosekana. Mkuu wa idara anayahitaji pale bajeti inapokuwa fupi kuliko kazi. Na akili hiyo haianzi Chuo Kikuu. Wataalamu wa afya wanatwambia kwamba mtoto afikapo miaka mitano, ubongo wake umekwisha kufikia kiasi cha asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka ya mwanzo ndiyo miaka ya kuweka msingi, na msingi uliowekwa vibaya hausahihishwi kwa kupaka rangi kuta.

Watoto wa visiwa hivi hawajapata kuwa wavivu wa kubuni. Nenda ufukweni wakati maji yanapojaa uone. Mtoto wa miaka sita anachukua kumbi la nazi, analitia mlingoti wa kijiti na tanga la jani, analisukuma majini. Linapinduka. Analitia kokoto, linazama. Anatoa kokoto moja, kisha anaongeza vijiti viwili ubavuni kama alivyoona katika ngalawa ya babu yake, na kidau kinakwenda. Hakuna aliyemfundisha mizani ya chombo, na somo lile halitamtoka maisha. Ndugu yake anasuka kititia kwa ukuti, anakimbia nacho ajue upepo unatoka wapi. Mwingine anaunda gari kwa kopo na magurudumu ya kandambili zilizokatika. Wasichana wanashona mpira wa matambara kwa ajili ya nage, na kabla ya kucheza wanapanga sheria, wanagombana juu ya sheria hizo, na wanapatana. Hiyo yote ni hesabu, sayansi na siasa, na gharama yake kwa Hazina ya Serikali ni sifuri.

Mafundi wa Nungwi wanaounda majahazi bila ya mchoro wa karatasi walianza hivyo hivyo, kwa kumbi na kijiti, kando ya baba zao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi. Hakupata skuli. Alipokuwa akitembeza vyungu, wito wake wa biashara ndio uliowafanya watu wasikilize sauti yake. Sauti ile ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na Kiswahili kikasikika kwa mashine pande zote za pwani. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na hadithi zake nyingi zimerudi katika pwani hii aliyoiona alipokuwa mtoto. Hatusemi kwamba kila mtoto atakuwa Siti au Gurnah. Tunasema kwamba hatuna njia ya kumjua ni yupi kati ya watoto wetu ikiwa wote tumewafundisha kunyamaza na kunakili.

Pana sababu nyingine, nayo inawahusu zaidi wale wanaopanga uchumi. Visiwa vyetu vilitegemea karafuu kwa muda mrefu. Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, alipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake mwenyewe, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980, na kila nyumba ya Pemba ikaonja uchungu wake. Mwaka 1989 likaja zao la mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, likawapa akina mama fedha yao ya kwanza ya mkononi. Lakini bei ya mwani mkavu ni ndogo, na haikuwekwa na sisi. Waliopata unafuu ni wale akina mama, kama wa Kidoti na Paje, waliosaga mwani wakatengeneza sabuni na kuiuza kwa thamani iliyo kubwa zaidi. Hapo hapakuongezeka ardhi wala bahari. Kilichoongezeka ni fikra. Leo tunazungumza juu ya Uchumi wa Buluu. Uchumi huo utaendeshwa na watoto ambao sasa hivi wamekaa madarasa ya maandalizi wakisubiri kuambiwa chungwa lina rangi gani.

Wala hatuzungumzii jambo geni. Mpango wa skuli za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na wenziwe, uliingia Zanzibar mwaka 1990. Walimu wake, wengi wao wakiwa akina mama wa vijiji hivyo hivyo, walifundishwa kuhesabu kwa simbi na kokoto, kutengeneza vifaa kwa vifuu, makuti na vifuniko vya chupa, na kuuchanganya mchezo na mafunzo ya dini bila ya kimoja kukiharibu kingine. Baadaye, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ukaja mpango wa Tucheze Tujifunze, ambao watoto waliokuwa mbali na skuli walikusanyika barazani au chini ya mwembe, wakasikiliza redio, wakaimba, wakaruka, wakajibu maswali. Jina la mpango ule lilikuwa sera nzima kwa maneno mawili. Ajabu ni kwamba mtoto wa chini ya mwembe aliruhusiwa kucheza na kujifunza, na mtoto wa darasa la matofali anakatazwa.

Tunayajua majibu tutakayopewa. Wako watakaosema kwamba wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi. Nasi tunaikubali methali hiyo. Lakini samaki mbichi hukunjwa kwa sababu yu laini na anafuata mkono. Anayemkunja kwa nguvu humvunja, na samaki aliyevunjika hawi tena yule aliyekusudiwa. Nidhamu tunaitaka. Mtoto awaamkie wakubwa, angoje zamu yake, arudishe kitu mahali alipokichukua. Mtoto anayecheza na wenziwe hujifunza hayo upesi kuliko anayetishwa kwa bakora, kwa sababu mchezo usio na nidhamu huvunjika wenyewe. Kuuliza swali kwa adabu si ufedhuli. Wazee wetu waliowatungia watoto vitendawili walikuwa wakiwafundisha kuuliza na kujibu, na hakuna aliyewaambia kwamba wanalea majeuri.

Wako watakaosema kwamba mzazi anataka matokeo: mtoto asome, aandike, ahesabu. Matakwa hayo ni ya haki. Lakini mkono wa mtoto wa miaka minne, uliokuwa haujafinyanga udongo wala kufunga fundo, haujawa tayari kushika kalamu kwa saa nzima. Anayemlazimisha hupata mwandiko mbaya na mtoto anayeichukia skuli. Finland, nchi inayosifiwa duniani kwa skuli zake, haimwanzishi mtoto darasa la kwanza mpaka afike miaka saba. Kabla ya hapo kazi yake kubwa ni kucheza kwa mpango. Na tangu mwaka 1837 huko Ujerumani, Friedrich Fröbel aliwapa watoto vipande vya mbao wajenge wapendavyo, na skuli yake akaja kuiita bustani ya watoto. Mkulima yeyote wa kwetu atafahamu kwa nini alichagua neno bustani. Mche haurefuki kwa kuvutwa.

Walimu nao watasema kwamba madarasa yao yana watoto wengi mno na vifaa havipo. Hilo ni kweli, na tungekuwa wadhalimu kama tungemtupia mwalimu lawama zote. Mwalimu wa maandalizi mara nyingi ndiye mwenye mafunzo machache kuliko wote skulini, naye hufanya kama alivyofanyiwa yeye alipokuwa mtoto. Ndiyo maana maneno yetu tunayaelekeza kwanza kwa wale wenye mamlaka.

Kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali tuna maombi manne. La kwanza, mitihani ya maandishi, upangaji wa nafasi na usaili wa karatasi kwa watoto wa maandalizi upigwe marufuku katika skuli zote, za Serikali na za binafsi, na marufuku hiyo isimamiwe. La pili, mwalimu wa maandalizi apewe mafunzo ya kazi yake, na mkaguzi anapofika darasani aulize watoto wametengeneza nini na wameuliza nini, asihesabu kurasa zilizojazwa tu. La tatu, vitabu vya watoto wadogo vichorwe hapa na wachoraji wa hapa, viwe na chungwa letu, changu wetu, ngalawa yetu na nyumba yetu, na mtoto asomeshwe kwa Kiswahili anachokiota usingizini. La nne, katika Tamasha la Elimu Bila Malipo la kila mwaka, ambapo wanafunzi huonyesha sanaa na michezo yao, litengwe banda la watoto wa maandalizi, waonyeshe vitu walivyovibuni kwa mikono yao, visivyotiwa mkono na mwalimu wala mzazi.

Kwa mabaraza ya miji, wakuu wa wilaya na masheha tunasema hivi. Kila kiwanja cha mtaa kinachogeuzwa maduka, au maegesho ya magari, kinamnyang'anya mtoto skuli ambayo haina mbadala. Mtoto wa mjini leo anacheza pembezoni mwa barabara, au hachezi kabisa. Ghorofa za skuli zinazojengwa zina faida moja ambayo isipotee: zikienda juu, ardhi ya chini inabaki. Ardhi hiyo iandikwe kuwa ni ya watoto, ipandwe miti, iwekwe mchanga, na asipatikane ofisa wa kuikata vipande. Hili si suala la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitambua katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa na utamaduni. Nchi iliyoridhia mkataba haiwezi kumfungia mtoto wake mlango kwa kisingizio kwamba hapana nafasi.

Na sisi wazee tusijitoe. Jioni zilizokuwa na paukwa na pakawa sasa zina televisheni, na mtoto akilia tunampa simu ya mkononi anyamaze. Simu imekuwa yaya asiyelipwa, lakini malipo yake tutayaona baadaye. Hatusemi vyombo hivi vitupwe baharini. Tunasema kwamba bibi anayeijua hadithi moja ya Sungura, akaikatiza katikati na kumwuliza mjukuu wake unadhani alifanyaje, amemfanyia mtoto yule jambo ambalo hakuna mashine ya kulifanya. Mtoto akiuliza kwa nini bahari hukauka na kujaa, asiambiwe nyamaza. Kama jibu tunalijua tumpe; kama hatulijui, tumwambie tutakwenda kuuliza pamoja. Na msichana asiwe ndiye wa kwanza kuitwa jikoni na wa mwisho kuruhusiwa uwanjani. Akili yake inahitaji mchezo kama ya kaka yake.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Wengi wao ni watoto na vijana. Ardhi yetu haitaongezeka kwa kuzaliwa kwao, na bahari yetu ina mipaka yake. Kitu pekee kinachoweza kukua pamoja nao ni uwezo wao wa kufikiri jambo ambalo sisi hatujalifikiri. Tukiuzima uwezo huo wakiwa na miaka mitano, tusije tukawalaumu wakiwa na miaka ishirini na mitano kwa kukaa vibarazani wakisubiri kuajiriwa.

Tunarudi kwa yule mtoto na karatasi yake. Hatutaki mwalimu wake aadhibiwe, kwani alifundisha kama alivyofundishwa. Tunachokitaka ni kwamba mwakani, karatasi za chungwa zitakapogawiwa na mtoto mwingine akalipaka kijani, mwalimu aiweke chini kalamu yake nyekundu na amwulize: kwa nini kijani? Kisha akae, asikilize jibu lake lote. Na kama mwembe au mchungwa upo karibu na skuli, awachukue watoto wote wakaangalie.